Akinywa Ananiita Dada

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, akishakunywa ni mtu mtamu kupita kiasi, na akiwa hajanywa ulimi wake ni shubiri. Naomba hilo lieleweke mapema, kwa sababu watu wengi hulichukua kinyume. Wao wanamjua mlevi wa kupiga mke, kuvunja sahani na kutukana majirani. Sisi hatukupewa huyo. Sisi tulipewa mlevi anayebisha hodi kwa adabu, anayekuamkia mara mbili mbili, anayekusifia nguo hata kama ni ile unayodekia. Halafu mlevi huyo anaingia jikoni, anawasha jiko apashe chai, anasahau, anakwenda kulala, na nyumba inaanza kuungua mtoto akiwa ndani.

Hilo la jiko ndilo lililomwondoa mdogo wangu. Alimbeba mtoto, akabeba na masufuria yaliyosalimika, akahamia kwangu. Kesho yake yule bwana akaja na uso wa huruma, pombe ikinuka kabla hajafika mlangoni. Akaniambia, "Dada yangu mpenzi, wewe ndiye mama yetu sote. Nisemee kwa mke wangu." Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji ya kufulia. Nilimmwagia yote, na sijutii.

Kazi yake ni kung'arisha fanicha. Seremala akishamaliza kabati, yeye ndiye anayelipiga msasa, kisha analipaka vanishi iliyochanganywa na spiriti, kwa kitambaa, tabaka juu ya tabaka, mpaka mwenye kabati akisimama mbele yake anajiona meno. Karakana nzima ilimwita Kioo. Haki yake nampa: mkono ule ulijua kazi. Lakini mkono ukaanza kutetemeka. Milango ikaanza kutoka na michirizi, wateja wakaanza kurudisha vitu, na mwenye karakana akaanza kumtafutia mrithi.

Hapo ndipo alipoamua kuacha, na kwa kuwa ni mjuaji, aliamua kuacha peke yake. Alijifungia karakanani alikokuwa analala tangu mke aondoke, hakunywa tone. Siku chache tu baadaye wenzake walimkuta chini, kati ya maranda ya mbao, mwili unarukaruka, povu mdomoni. Wakambeba mpaka kliniki. Wahudumu wakamlaza, wakampa dawa za kumtuliza, na muuguzi wa huko akamtolea uvivu: mtu aliyekunywa kiasi kile kwa miaka ile haachi ghafla bila dawa na bila watu, akijaribu tena atazikwa. Kuna kikundi, akamwambia, kinakaa kila Jumatano. Lakini hakuna anayepokelewa bila ndugu. Si rafiki wala mfanyakazi mwenzake. Ndugu wa kuja naye na kukaa kando yake kila mara.

Ndugu. Pale ndipo mambo yalipomkalia vibaya.

Alianza kwa kaka yake, dereva wa lori. Kaka akamjibu akiwa juu ya lori, injini inawaka, "Mimi nilishakuzika zamani. Sifukui maiti." Akaenda kwa shangazi yake. Shangazi akasema ana miguu. Kila mtu ana miguu, lakini ya shangazi ilikuwa inauma Jumatano tu. Mwisho akaja kwa mke wake, wakasimama uani kwangu, mimi nikiwa dirishani, na sitajifanya kwamba sikuwa nasikiliza.

"Siendi," mdogo wangu alisema. "Nikienda nitalia, na nimechoka kulia mbele za watu."

"Nani kakwambia ulie? Ukae tu kwenye kiti."

"Unaona? Ulipokuwa unakunywa ulikuwa hata unanisalimia."

Mdogo wangu akamwekea masharti palepale, kwa sauti ndogo ambayo mimi naijua, ile ambayo harudi nayo nyuma. Wakimpokea kwenye kikundi na akakaa humo, ataangalia. Wakimkataa, basi, asionekane tena mlangoni, na mtoto ataambiwa baba yake amesafiri.

Alipotoka uani alinikuta mlangoni.

"Wewe," akasema. "Jumatano una kazi?"

"Ya nini?"

"Nimeshawaomba wenye akili wote, wamekataa. Umebaki wewe."

Hivyo ndivyo alivyoniomba. Hakuniita shemeji wala hakusema tafadhali. Mimi ninafua mashuka ya hoteli, kazi yangu ni ya zamu, na Jumatano asubuhi nilikuwa huru. Nikamwambia nitakwenda. Alinitazama kwa shaka, na alikuwa na sababu. Kwenda kwangu hakukuwa kwa wema. Nilitaka kumwaga mtama wote mbele ya huyo muuguzi: jiko, mtoto, kitanda cha mdogo wangu alichokiuza, msiba wa baba yetu aliokuja akaimba. Wakishayasikia wamkatae, na mdogo wangu apumzike. Nililala vizuri sana siku ile.

Njiani alinitukana kutoka kwangu mpaka kliniki. Nilikuwa natembea kama niliyebeba tofali. Kitambaa changu cha kichwa kilikuwa kimefungwa na kipofu. Nilikuwa nanuka sabuni, na mtu anayenuka sabuni namna hiyo lazima kuna anachoficha. Mimi nilikuwa namrudishia kila alichonipa, na zaidi kidogo. Waliotuona walidhani ni mtu na mkewe.

Kikundi kinakaa nyuma ya jengo kubwa, chumba kilichokuwa stoo. Bado kuna makabati ya chuma ukutani, na viti vya plastiki vimepangwa duara, vingine vimeshonwa kwa waya. Walikuwepo mwalimu mmoja mwenye miwani myeusi ambayo hakuivua, mama mmoja aliyejipamba vizuri kuliko sisi sote, na mzee aliyekuwa mlinzi wa benki, kila mmoja na ndugu yake kando, na kila ndugu amenuna. Sijawahi kuona chumba chenye watu wasiopendana kiasi kile. Muuguzi mwenyewe ni mwanamume mwembamba, wa makamo, hana tabasamu wala hatafuti. Alituonyesha viti.

"Hapa tuna desturi moja," akasema. "Mnywaji haulizwi. Wanywaji nimewasikiliza miaka mingi, wote wanasema vizuri. Anaulizwa ndugu, na nitakaloambiwa na ndugu ndilo hilo hilo. Mama, nani huyu?"

Nikampa. Nilisema mpaka koo likakauka. Nilisema ya jiko, nikasema ya kitanda, nikasema jinsi alivyomsahau mtoto sokoni akarudi na samaki mkononi, anatabasamu, anauliza mtoto yuko wapi. Sikutia chumvi, haikuhitajika. Mwalimu mwenye miwani aliinamisha kichwa. Shemeji yangu alikuwa anatazama sakafu, taya zinacheza.

Nilipomaliza muuguzi aliinuka, akamsogelea, akavuta pumzi puani. Uso wake ukabadilika.

"Umekuja hapa umelewa."

"Sijalewa. Nimetoka kazini, ile ni spiriti ya..."

"Nyamaza, sijakuuliza wewe. Hapa nimeambiwa ni rangi, nimeambiwa ni manukato, nimeambiwa ni dawa ya kikohozi." Akanigeukia. "Mama, amekunywa leo?"

Kweli alikuwa ananuka. Asubuhi ile alikuwa amepitia karakanani kumalizia meza, na spiriti ilikuwa imeshika shati lake mpaka kwenye kola. Asiyemjua angekula kiapo kwamba ametoka kilabuni. Neno moja tu lilitakiwa, ndiyo, na yote yangeisha pale: yeye angetolewa nje, masharti ya mdogo wangu yangetimia, na mimi ningerudi zangu kwenye mashuka. Nilifungua mdomo.

Yeye akanitangulia. Alisema bila kuinua kichwa, "Mwulize huyo mchawi. Atakwambia nimekunywa. Ndicho alichokuja kufanya."

Nilipandwa na hasira ambayo sijui hata niieleze vipi. Mtu huyu hajawahi kuwa sahihi kuhusu jambo lolote tangu amwoe mdogo wangu, na leo, mbele za watu, anataka kuwa sahihi kuhusu mimi.

"Hajanywa," nikasema.

Muuguzi akanikazia macho. "Una hakika gani?"

"Huyu akinywa ananiita dada. Dada yangu mpenzi. Ananibebea mkoba, ananiuliza mgongo unaendeleaje. Leo tangu asubuhi amesema natembea kama niliyebeba tofali, amenipa kipofu wa kunifunga kilemba, na sasa hivi umemsikia ameniita mchawi. Hajanywa hata tone. Laiti angekunywa, ningepumzika."

Yule mama aliyejipamba alicheka, kisha akaziba mdomo. Muuguzi hakucheka. Alirudi kwenye kiti chake, akasema amepokelewa, ila kuanzia siku ile asiguse spiriti tena, kazini wala popote. Anayetaka kuacha pombe hawezi kushinda nayo puani. Na mimi nije kila Jumatano. Nilitaka kumwambia nilikuja mara moja tu. Sikupata nafasi, alishamgeukia mzee wa benki.

Tulipotoka, shemeji yangu hakunishukuru. Alisema, "Hata kusema ukweli unasema kama unatapika."

Basi ikawa hivyo. Karakanani akaomba aondolewe kwenye vanishi, abaki kwenye msasa tu. Anayejua useremala anajua hilo ni tusi: msasa ni kazi ya anayejifunza. Wenzake wakamfurahia. Kioo wakamfutia jina, wakamwita Vumbi, kwa sababu alikuwa anarudi mweupe kuanzia nyusi mpaka kwenye ndala. Yule aliyekuwa anamshikia kopo la vanishi sasa ndiye anayepaka, na anapaka vibaya, na shemeji yangu amekaa pembeni na kipande cha msasa anatazama jinsi kazi inavyoharibiwa. Hasira zote alizozivuna huko alizileta kwangu kila Jumatano. Nilitukanwa kuhusu viatu vyangu, kuhusu uchaguzi wangu wa njia, kuhusu marehemu mume wangu, ambaye kwa maoni yake alikufa ili apate ukimya. Kwa hilo la mume wangu nilimzaba kofi, katikati ya barabara. Akashika shavu, akasema nimefua sana mpaka mkono umekuwa ubao. Tukaendelea na safari.

Kikundini mambo hayakuwa matamu pia. Ndugu tuliulizwa, tukajibu, na kila jibu lilikuwa linamchoma mtu. Mkewe mwalimu alisema siku moja kwamba yeye anatamani mumewe afe au apone, lakini achague. Hakuna aliyemkemea. Mwalimu alikuja tena Jumatano iliyofuata, na mkewe pia akaja. Nilianza kuelewa kwamba pale hapakuwa mahali pa kupendana. Palikuwa mahali pa kurudi.

Mdogo wangu naye alikuwa ananiuliza nikirudi, kwa mbali, huku anachambua mchele. "Anaendeleaje?" Namwambia, "Mbaya kama shetani." Anainamisha uso kwenye ungo ili nisione anavyotabasamu. Mwisho akasema, bila mimi kumshawishi, kwamba Jumapili inayokuja atamfungulia mlango. Aje na nguo zake, ajaribu kulala kwenye nyumba yenye watu. Nilimpelekea habari hizo karakanani mwenyewe. Alisimama na msasa mkononi, vumbi limemkaa kwenye kope, akaniambia nisimame mbali, nawazibia mwanga. Lakini alirudi kupiga msasa ubao aliokwisha kuumaliza.

Jumatano iliyotangulia Jumapili hiyo, niliamka nikasikia fagio uani. Nikafungua mlango. Shemeji yangu alikuwa anafagia. Alishafagia mpaka kwenye mfereji. Aliponiona aliegemeza fagio ukutani taratibu, akajifuta mikono.

"Shikamoo dada yangu," akasema. "Umependeza leo. Hicho kitambaa kimekukubali kweli."

Nilishika fremu ya mlango. Hakuwa akinuka sana, alikuwa ametafuna kitu, na mikono yake ilikuwa imetulia kabisa. Mtu mwingine angesema huyu amepona.

"Nani amekupa?" nikamuuliza.

"Amenipa nini, dada? Lete huo mkoba nikubebee." Akaubeba. Tulipofika njiani ndipo alipotoa maneno, polepole, kwa heshima zote. Jana walikuwa wamekabidhi kabati la watu wenye harusi. Michirizi mlango mzima, na wenye kabati wakasifu, wakampa mkono yule kijana mpakaji. Baadaye wenzake wakaenda kupongezana. Wakamwita, Vumbi, njoo ukae tu, unywe soda. Akakaa.

"Ilikuwa kidogo sana, dada yangu. Nimeshaacha tena. Ni leo tu." Alisimama mbele yangu, macho yamejaa maji. "Yule atakuuliza wewe. Wewe ukisema hapana, ni hapana. Jumapili mke wangu ananifungulia mlango. Neno dogo tu. Wewe ni mtu wa huruma, ulinitetea mara ya kwanza."

Nilimchukia siku ile kuliko siku zote, kuliko hata siku ya jiko, kwa sababu ile ya jiko sikuwa nimeanza kumtarajia. Na nilijua kabisa ninachoshika mkononi. Nikisema uongo, Jumapili atalala kwa mkewe na mtoto, na tabasamu lile lile litaingia jikoni.

Muuguzi alituangalia tukiingia. Aliona mkoba wangu begani kwake. Nadhani alishajua, lakini desturi ni desturi.

"Mama, amekunywa?"

"Amekunywa," nikasema. "Jana, na nadhani na leo asubuhi. Ameniita dada tangu nilipofungua mlango."

Hakubisha. Aliweka mkoba wangu kwenye kiti, vizuri, akaelekeza mshikio kwangu. "Asante, dada," akasema, akatoka. Hilo la asante lilinikata.

Muuguzi hakupiga kelele. Alisema aliyekunywa haingii siku hiyo, lakini hafukuzwi, na wiki ijayo akija atapokelewa. "Mlete akiwa na matusi yake," akaniambia. Nikatoka nimfuate, nikakuta benchi la nje tupu. Niliuliza kwa mlinzi, niliangalia mpaka dukani. Alikuwa ameondoka.

Jioni nikamwambia mdogo wangu ukweli, kwa sababu nilishazoea kusema ukweli juu ya yule mtu na sikuona namna ya kuacha. Alisikiliza, akaondoa mashuka aliyokuwa ameyatandika kwenye kitanda, akayakunja, akanirudishia. Jumapili mlango haukufunguliwa. Hakuna aliyekuja kubisha pia. Karakanani walisema anakuja, anapiga msasa, anaondoka bila kusema na mtu, na hakuna aliyejua kama anakunywa au hanywi. Nilitaka kwenda kumwangalia nikakataa mwenyewe. Nilifua mashuka ya watu wiki nzima nikiwa na hasira, nikayapausha mengine mpaka msimamizi akaniita.

Jumatano asubuhi nilijiambia nitalala. Sikulala. Nilikaa kitandani nimevaa tayari, isipokuwa viatu, nimejikaza kisabuni, nasikiliza uani. Niliogopa kusikia fagio. Niliogopa zaidi kutosikia chochote. Chumba cha pili mdogo wangu naye alikuwa ameamka, namjua, anapumua kimya akiwa macho.

Halafu mlango ukapigwa, si kwa kidole, kwa ngumi, mpaka komeo likacheza.

"Wewe mama! Umelala au umekufa? Unadhani ile kliniki ni ya baba yako, watu wakungoje? Na fungua dirisha, nyumba nzima inanuka sabuni!"

Chumba cha pili nikamsikia mdogo wangu anacheka, au analia, kwake ni sauti moja. Mimi nilikuwa nimefurahi, nasema wazi, nilifurahi mpaka nikakosea viatu, cha kushoto nikakivalisha kulia.

"Kelele zako, mbwa wewe!" nikapiga ukelele kutoka ndani. "Nakuja."